Kesho Tunamhamisha Mzee Wenu

Mtu akitaja mahali anapotaka kuzikwa, kisha akacheka, je, ametoa wosia au ametania? Nimelibeba swali hili kwa miaka mingi, mwanzoni kama mtu anayetafuta jibu, siku hizi kama mwenyeji aliyezoea mgeni asiyeaga. Digrii yangu ya historia haikunisaidia. Wazee niliowauliza walinitazama kwa huruma, wakabadilisha mazungumzo. Na yule aliyenikabidhi swali lenyewe hakuwa na jibu, ila aliishi nalo kwa namna inayonifanya, kila ninapomkumbuka, nikae wima zaidi kwenye kiti.

Tulimwita Katibu. Alikuwa na jina lake, bila shaka, lakini sikuwahi kumsikia mtu akilitumia mbele yake, hata binti zake walipompigia simu mbele za watu. Alikuwa Katibu wa chama chetu cha kuzikana, chenye wanachama Tarime mjini, Nyarero na Nyamwaga, wachache upande wa Serengeti, na wengine ng'ambo ya mpaka wa nchi pale Sirari, kwa kuwa mpaka ule ulipita katikati ya familia zetu bila kubisha hodi. Vyama vya kuzikana viko vingi. Chetu kilitofautiana na vingine kwa jambo moja, na jambo hilo lilitoka kichwani mwake.

Kila mwanachama, siku ya kujiunga, alirekodi sauti yake. Alisema aitwe nani kwanza akifariki, azikwe wapi, na kama alipenda, nani asisimame kuhutubia kaburini pake. Sauti hiyo iliwekwa kwenye tovuti ya chama, imefungwa mpaka siku yake. Msiba ulipotokea, Katibu aliifungua, na kabla jembe halijagusa ardhi, waombolezaji wote waliisikiliza kwenye simu zao, huku na ng'ambo, kwa wakati mmoja. Niliwahi kumuuliza kwa nini asitumie karatasi kama watu wengine.

"Karatasi inaweza kuandikwa na mwingine," alisema. "Koo la mtu haliazimwi."

Nilimwona akizima kwa sauti hizo ugomvi ambao polisi wangeuogopa. Nilimwona pia akiangusha watu kwa kicheko. Bibi mmoja wa Nyarero alisema katika sauti yake, kwa Kiswahili kilichokaa juu ya Kikurya kama kofia juu ya kilemba: "Na yule mkaza mwanangu mdogo asilie kwa nguvu. Anadanganya." Watu walicheka mpaka jeneza likaonekana kucheka nalo. Mkaza mwana mwenyewe alicheka kuliko wote, kisha akalia, na safari hii hakuna aliyemtilia shaka.

Mikono yake ndiyo ninayoikumbuka kwanza. Kabla ya kustaafu alikuwa mpiga chapa katika ofisi ya serikali, enzi za mashine zilizolia kama mvua ya mawe juu ya bati, na vidole vyake havikuwahi kustaafu. Aliandika huku akikutazama usoni. Aliandika huku akimfukuza kuku mlangoni. Chumba chake cha mbele, ambacho ndicho kilikuwa ofisi ya chama, kilipakana na mashine ya kusaga, hivyo kila kitu ndani yake kilikuwa na vumbi jeupe la unga isipokuwa kompyuta, aliyoifunika kwa kitambaa alichokidarizi mwenyewe. Alivaa sweta mwaka mzima. Hakumruhusu mtu yeyote kumwonea huruma, kwa kuwa hakuwa na unyenyekevu hata chembe.

"Kwenye kiti kile," aliniambia kuhusu ofisi yake ya zamani, "hajakaa mpiga chapa kama mimi. Aliyenifuata aliharibu kiti na akaharibu lugha."

Alikuwa mtu wa ukweli mkali, na alikuwa mwongo. Nayasema yote mawili kwa heshima. Angekurudisha kutoka mlangoni kwa sababu umesema "karibu wote" badala ya idadi yenyewe. Lakini alipompigia simu mfiwa aliyekuwa safarini, labda ndani ya basi la Mwanza, hakumwambia kamwe kwamba mzazi wake amefariki. "Baba hajisikii vizuri, njoo nyumbani," alisema, kwa sauti tulivu kama anaagiza chumvi. Nilipomkumbusha msimamo wake juu ya ukweli, alinijibu bila kugeuka, akiniita kijana kwa Kikurya kama kawaida yake. "Mtu haambiwi msiba akiwa barabarani, mura. Ukweli una mahali pake pa kukalia."

Mtu pekee aliyethubutu kumtania alikuwa Mwenyekiti wetu, mfugaji wa Nyarero mwenye sauti ya kuitia ng'ombe ng'ambo ya bonde. Walipendana kwa kugombana.

"Katibu, wewe ni mwanamke au ni serikali?"

"Serikali huenda likizo, Mwenyekiti. Mimi umeniona likizo lini?"

Jambo lililomfanya awe mkubwa machoni pangu, hata hivyo, ni lile ambalo watu walimtupia kila walipokasirika. Yeye ndiye aliyeweka sheria kwamba sauti haikatiwi rufaa. Na yeye ndiye mtu pekee katika chama aliyewahi kuikatia.

Sauti ya kwanza kabisa kwenye tovuti ilikuwa ya mumewe. Katibu alikuwa anajaribu mitambo. Mume alikuwa anakunywa chai. Akamwekea simu mdomoni na kumwambia aseme kitu. Mume akasema kwamba akifa apelekwe ng'ambo, akazikwe kwao, kando ya baba yake, kwa sababu Nyamwaga mgomba hukua mpaka juu ya kaburi na yeye hataki kulala chini ya ndizi za mke wake. Kisha akacheka. Ni kicheko kirefu, chenye kikohozi katikati, na mwishoni unasikia kikombe kikigonga meza. Muda si mrefu baadaye aliugua na kufariki.

Ndugu zake walichimba kaburi ng'ambo. Wakaleta gari mpaka Sirari kuupokea mwili. Gari lilisubiri hadi jioni, na mwili haukuja, kwa sababu Katibu alikuwa amemzika Nyamwaga, katika shamba lake, chini ya ndizi.

Hakuwahi kuficha sababu yake. Walikuwa na mabinti tu, hawakuwa na mtoto wa kiume. Mjane mwenye mabinti, kwenye shamba lisilo na kaburi la mume, ni mgeni anayesubiri kuulizwa ataondoka lini. "Kaburi ni uzio," alisema. "Nilimfanya uzio. Alinilinda akiwa hai, nikamwomba anilinde tena." Shamba lile bado lina mabinti zake na wajukuu zake. Na ng'ambo kule, kwa kuwa kaburi lililochimbwa haliachwi likitazama mbingu bure, shemeji yake alikata mgomba, akaufunika shuka, akauzika mahali pa kaka yake. Tangu siku hiyo shemeji na Katibu hawakuwa wakizungumza.

Angeweza kuifuta sauti ile. Yeye ndiye aliyekuwa na funguo zote. Badala yake aliiacha palepale, ya kwanza, imefunguliwa kwa yeyote. Kila mwanachama mpya aliyetaka kujua sauti hurekodiwaje alisikilizishwa sauti ya mume wa Katibu ikiomba jambo ambalo Katibu hakulifanya. Siku moja, katika mgogoro wa maziko, kijana mwenye hasira alimnyooshea kidole: "Sauti haikatiwi rufaa? Na ya mumeo je?" Watu wakainamisha vichwa. Katibu alivua miwani.

"Ya mume wangu ilikatiwa," alisema. "Ndiyo maana najua inavyouma. Kaa chini."

Kijana akakaa.

Lazima sasa nieleze jinsi tovuti ilivyotuangukia, kwa maana ndipo nilipomwona Katibu kwa ukamilifu wake.

Tovuti yetu ilikuwa imehifadhiwa kwa mtindo wa bei nafuu, ambapo tovuti nyingi za watu wasiojuana hukaa pamoja kwenye seva moja. Katibu aliieleza vizuri kuliko kitabu chochote. "Ni nyumba ya kupanga. Vyumba vingi, bomba moja. Jirani akifua mashuka, wewe unakosa maji ya chai. Na siku ukipata msiba, wageni wako wakajaa uani, mwenye nyumba anakuletea barua ya kuhama." Kwa siku za kawaida, bomba lilitosha. Lakini sisi hatukuwa watu wa siku za kawaida. Tovuti ya chama cha kuzikana hulala majuma mazima, kisha huamka mara moja, mamia ya simu zikibisha mlango uleule katika dakika zilezile.

Alipofariki mzee mmoja wa Nyarero mwenye familia mbili, moja huku na moja ng'ambo, simu zote zilibisha pamoja. Ukurasa ukawa mweupe. Nilikuwa msibani, nikaona watu wakitikisa simu zao kana kwamba mtandao ni dawa ya chupa. Katibu alikuwa mjini. Simu yake ikaita kutoka ng'ambo, naye baadaye aliniigizia ile sauti: "Madam, hii kitu haifunguki, na huku watu washajaa!" Nyuma ya sauti hiyo alisikia majembe. Wale wa ng'ambo walikuwa wameanza kuchimba. Alipotupigia sisi, akasikia majembe vilevile. Mzee mmoja, makaburi mawili, na vijana wa pande zote wameshaanza kukunja mikono ya mashati.

Alifunga kompyuta yake kwa khanga, akapanda bodaboda mpaka Nyarero, akashuka na vumbi jekundu mpaka kwenye nyusi. Ndani ya kompyuta alikuwa na nakala za sauti zote zilizokuwa bado zimefungwa. Akapiga simu ng'ambo, akaiweka kando ya spika, na mzee akasikika pande zote mbili za mpaka akisema alale Nyarero, karibu na zizi. Ng'ambo wakakata mgomba. Nilimtazama Katibu aliposikia neno hilo kwenye simu, mgomba. Alikuwa akipangusa kompyuta kwa pindo la khanga, akaendelea kuipangusa hata ilipokuwa safi.

Siku chache baadaye ikaja barua ya mwenye nyumba. Kampuni ilitujulisha, kwa adabu, kwamba tumetumia zaidi ya sehemu yetu na kuwasumbua wapangaji wengine. Tupunguze mafaili au tuondoke.

"Tupunguze nani?" aliuliza Katibu. "Wanionyeshe marehemu wa ziada."

Aliamua tuhamie kwenye seva pepe ya binafsi. Ni sehemu ya kompyuta kubwa iliyokatwa na kuzungushiwa ukuta: nafasi yako, nguvu yako, bomba lako. Jirani akifua, maji yako hayapungui. Ila hakuna mwenye nyumba wa kufunga geti. Kila kufuli ni lako, na kila kosa pia. Mwenyekiti alipinga kikaoni.

"Katibu, boma bila mlinzi ni karamu ya wezi. Geti atafunga nani?"

"Nitafunga mimi."

"Kwa macho hayo?"

Macho yake yalikuwa yameanza kufunikwa na ukungu wakati huo, na sote tulijua, na hakuna aliyekuwa amelisema. Katibu alimgeukia polepole. "Mwenyekiti, mimi nimepiga chapa maisha yangu yote bila kutazama vidole. Wewe ndiye unayehitaji macho ili upate mdomo."

Nilikuwepo siku alipoifungua seva ile kwa mara ya kwanza. Nilitarajia picha na vitufe. Ilikuwa skrini nyeusi na mstari mmoja mdogo unaopepesa, ikisubiri maandishi. Mimi nilivunjika moyo. Yeye alitabasamu kama mtu aliyekutana na mwanafunzi mwenzake. "Hatimaye," alisema, "kompyuta yenye adabu. Haina picha. Inataka mtu anayejua kuandika." Na akaandika. Alikuwa amejifunza amri zake kwa miezi, akizikariri jikoni, na kila niliposoma kwa sauti jibu la seva, yeye alikwisha kuandika amri iliyofuata. Hakukosea herufi. Sijawahi kumwona mwanamuziki akipiga chombo chake kwa karibu vile, na nimekuwa nikishangaa tangu hapo ni vipaji vingapi hukaa miaka yote vikingoja mashine yao izaliwe.

Seva haikuwa imemaliza hata asubuhi moja kabla wasiojulikana hawajaanza kujaribu mlango wake. Aliniomba nimsomee kumbukumbu za waliobisha: majina ya kubahatisha, manenosiri ya kubahatisha, kutoka nchi ambazo hatutazifikia.

"Wanapapasa uzio," alisema, "kama wezi wa ng'ombe. Mwizi hapigi teke uzio, mura. Anaupapasa mpaka apate mwiba uliolegea." Akafunga milango yote isipokuwa ile iliyohitajika, akabadilisha kufuli la mlango wa msimamizi likawa la ufunguo badala ya nenosiri, akaenda kupika.

Kwa fundi yeyote, kilichobaki kilikuwa kazi ya mchana mmoja: kunakili mafaili, kujaribu, kubadilisha anwani ili wageni waelekezwe kwenye seva mpya. Kwetu ilichukua kiangazi kizima, na sababu yake haipo katika kitabu chochote cha mafundi.

Katibu alipotangaza kikaoni kwamba sauti zote zitahamishwa, mjane mmoja wa Nyamwaga alisimama. Ni mama mpole, mkulima wa mahindi, ambaye sikuwahi kumsikia akizungumza kikaoni.

"Mtamhamisha mume wangu," aliuliza, "bila kuniambia?"

Nilisimama nimweleze. Nilikuwa na maneno tayari: kwamba hii ni nakala tu, kwamba hakuna kinachosogea kwa kweli, kwamba faili si mtu. Katibu alinyanyua kiganja bila kunitazama.

"Kaa chini, mura. Mama ameuliza vizuri."

Kisha akatoa uamuzi ambao Mwenyekiti aliuita wazimu na ambao mimi, miaka mingi baadaye, bado nauona kuwa moja ya mambo makubwa niliyowahi kushuhudia yakifanywa na binadamu akiwa ameketi. Hakuna sauti itakayohamishwa kabla wenyewe hawajaambiwa. Kila familia, sauti kwa sauti.

Basi kiangazi chote alipiga simu. "Habari za huko? Ni Katibu. Kesho tunamhamisha mzee wenu. Msishtuke mkimkosa kwa muda mfupi." Wengine walimshukuru. Wengine waliomba siku isiwe Jumamosi, kwa sababu marehemu alikuwa Msabato na hakuwahi kusafiri Sabato. Mwanamke mmoja wa upande wa Serengeti, aliyelazimika kupanda kilima ili simu ishike, aliomba baba yake asiwekwe karibu na jirani fulani.

"Waligombania mpaka wa shamba mpaka wakafa, Katibu. Watasumbuana."

"Nitawatenganisha," alijibu Katibu. Na kweli, nikamwona akitengeneza folda mbili, moja kwa kila mgomvi, akaweka folda nyingine tupu katikati yao.

"Hiyo ya nini?" niliuliza.

"Njia ya ng'ombe," alisema. Hadi leo sijui kama alikuwa anacheka moyoni.

Mwenyekiti aligeuka rafiki wa uhamisho siku ile tulipobadilisha anwani. Katibu alimweleza kwamba kwa siku kadhaa simu nyingine bado zitakwenda kwenye seva ya zamani, kwa mazoea. Mzee akapiga paja. "Hilo tungeanza nalo! Ukihamisha boma, ng'ombe jioni hurudi lile la zamani. Wanasimama pale wanashangaa. Usibomoe uzio mpaka wasahau." Katibu alinigeukia kwa furaha ambayo sikuizoea usoni pake. Tukaacha seva ya zamani ikiwa hai, na kampuni, tulipoiomba, ikaturuhusu kubaki hadi mwisho wa kiangazi.

Mwisho wa kiangazi ukafika. Nilipitia kwake baada ya vipindi vyangu vya kufundisha, mashine ya kusaga ikiwa imezimwa na mtaa ukiwa na ule ukimya wa ghafla. Mwenyekiti alikuwa ameshakaa na kikombe chake. Katibu alikuwa mbele ya kompyuta, lakini hakuwa akiandika.

"Shikamoo, Katibu."

"Marahaba. Nisomee. Kwenye boma la zamani wamebaki wangapi?"

Nilisoma. Nilijua kabla ya kusoma.

"Mmoja."

Alitikisa kichwa. Kampuni ilikuwa imetuandikia kwamba kesho yake mchana kila kilichobaki kitafutwa. Sauti zote zilikuwa zimehama, kila familia imeambiwa. Iliyobaki ilikuwa ile ya kwanza. Na kwa sheria aliyoiweka mwenyewe, isingehamishwa kabla hajaambiwa mwenyewe wa marehemu ng'ambo, mtu aliyezika mgomba.

Mwenyekiti aliweka kikombe chini. Alizungumza kwa sauti ndogo, na sikuwa najua kwamba anayo.

"Katibu. Katika kuhama, vyungu huvunjika. Kila mtu anajua. Nani atauliza?"

Nakiri kwamba nilitamani akubali. Sauti ile ilikuwa imemchoma kwa miaka, na hapa dunia yenyewe ilikuwa imemfungulia mlango wa nyuma: asingefuta kitu, asingesema uongo, angelala tu, na kesho mchana kampuni ya mbali ingemfanyia. Nani angemlaumu kwa chungu kimoja?

"Hata akija kuuliza shemeji yako," Mwenyekiti aliendelea, "utasema mitambo."

"Mitambo," Katibu alirudia, kama anayeonja chakula. Alivua miwani, akaanza kuifuta kwa sweta, ingawa miwani haikumsaidia tena. "Yule mama wa Nyamwaga aliuliza kama tutamhamisha mume wake bila kumwambia. Nikasema hapana. Nikimwacha wa kwangu avunjike njiani, kesho nitamwambia nini? Kwamba wake ni mtu, wangu ni chungu?"

"Shemeji atakutukana."

"Ana haki ya tusi moja. Ameliweka muda mrefu."

"Na akisema hapana? Akisema asihamishwe?"

Nje mtu alipita akisukuma baiskeli yenye mkungu wa ndizi, mnyororo ukilalamika.

"Akisema hapana," alisema hatimaye, "nitamwacha afutike. Nilimkatia rufaa mara moja. Sikati ya pili." Kisha akanigeukia, macho yake meupe yakilenga bega langu badala ya uso. "Njoo kesho kabla ya vipindi, mura. Uje unisomee skrini. Naanza na simu."

Asubuhi nilimkuta ameshavaa kana kwamba anakwenda kanisani. Mwenyekiti alikuwa mlangoni, hakuingia ndani, akijifanya anatazama mawingu. Katibu aliniomba nitafute namba. Alikuwa nayo miaka yote. Niliipiga, nikaweka spika, nikaisogeza mbele yake. Iliita kwa muda mrefu.

"Halo? Nani huyo?"

"Ni mke wa kaka yako."

Upande wa pili jogoo aliwika, akanyamaza.

"Shemeji," alisema Katibu, na vidole vyake vilikuwa tayari juu ya kibodi, havitikisiki. "Chama kinahama. Sauti zote tumezihamisha isipokuwa ya kaka yako. Utaratibu wetu hatumhamishi mtu bila kuwaambia wenyewe. Wewe ni mwenyewe. Nimepiga kukuambia. Ukikataa, nitakusikia."

"Sisi tulizika mgomba, shemeji."

"Najua."

"Mama yangu aliulilia ule mgomba."

"Najua. Nisamehe."

Nilisubiri tusi. Mwenyekiti mlangoni aliacha kutazama mawingu. Sauti ya ng'ambo iliporudi, ilikuwa imeshuka, kana kwamba mtu ameketi.

"Hiyo sauti, nilikuwa naifungua saa zingine. Usiku, nikikosa usingizi. Siku hizi imekuwa nzito kufunguka." Akavuta pumzi. "Kule mnampeleka, bado atakuwa anacheka mwishoni?"

Katibu alifumba macho.

"Bado atakuwa anacheka. Sijamkata hata kidogo."

"Basi mhamishe."

Aliandika amri akiwa bado amefumba macho, herufi kwa herufi, bila kosa, akabonyeza. Mstari ulipepesa. Nikasubiri jibu la seva, nikalisoma kwa sauti ili wote wawili wasikie, yeye na yule wa ng'ambo:

"Amefika."

Kisha Katibu akanyoosha mkono kwenye kompyuta na kuifunga seva ya zamani.